Sauti Nyuma ya Kamera

Siku ya mnada stendi ya Tarime hujaa watu, na Honoratha alikuwa amenuna katikati yao. Kitenge chake cha njano kilikuwa kimeingia vumbi, na simu yake ilikataa kufungua mtandao ambao serikali ilikuwa imeufunga wiki hiyo. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akaiomba ile simu, akaiwekea VPN, programu ya kupenya kufuli hilo, akairudisha akicheka kwamba sasa wote wawili ni wahalifu. Hakusema kwamba yeye, Anold, hulipwa na serikali kuripoti kurasa za uchochezi.

Wakapendana kwa simu. Honoratha, nesi kutoka Bukoba aliyepangiwa zahanati ya kijijini, alimtania kwamba anatongoza kwa Kiswahili cha barua za ofisini. Anold akamwita nesi wa moyo wangu na hakuona aibu hata kidogo. Aibu ilikuwa njiani.

Ilifika Jumatatu, bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Ukurasa mmoja usio na jina la mtu ulikuwa umeweka video ya wajawazito wakienda kujifungua na ndoo za maji kichwani, kwa sababu bomba la zahanati lilikuwa kavu. Nyuma ya kamera sauti ikatania: "Mama, leo umebeba wawili, mtoto na ndoo." Anold aliijua sauti ile. Bosi akauliza anasubiri nini, naye akaripoti.

Ukurasa ukafungwa. Simu za manesi zikakaguliwa, ya Honoratha ikakutwa na video na ile VPN, akaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Alimpigia mpenzi wake akilia. Mwanamume mzima akasema pole, akakata simu.

Siku ya kamati Anold alimkuta Honoratha kwenye korido, amevaa kitenge kilekile.

"Honoratha, mimi ndiye niliyeripoti."

"Hukujua ni mimi."

Anold angeweza kuitikia tu, yakaisha. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Nilijua. Niliitambua sauti yako."

Honoratha akauliza, "Sasa umefuata nini hapa?"

"Kuwaambia ni nani aliyekuwekea VPN."

"Watakufukuza kazi."

"Najua."

Mlango ukafunguliwa, jina la Honoratha likaitwa. Akafuta machozi, akamsukumia mkoba wake kifuani.

"Nishikie. Na usidhani nimekusamehe."

Anold akaukumbatia ule mkoba, akamfuata ndani.