Mlango wa Mnara wa Dadu

Kwanza apa. Sema, "Haki ya Mungu, halitoki kwangu." Haya. Sisi tulioona tuliapishana hivyo hivyo, na wewe ni wa nne kuambiwa na mimi. Sogea.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, duka la Masoudi hapa Mbinga lilijaa sabuni na mitumba, na barazani wanaume walicheza ludo. Pankras alikuwa na vidole vya hila. Kila akirusha dadu, sita! Masoudi akachoka na ugomvi, akamwagiza Othmar seremala amchongee mnara wa dadu. Unadumbukiza juu, dadu inagongagonga ngazi za ndani, inatokea mlangoni chini. Mkono wa mtu haumo.

Othmar, mpenda sifa yule, akauiga mnara wa kale wa Wajerumani kule ziwani, upande wa Kihagara. Chini yake ndipo Tunu, binti wa Masoudi na Saida, alipozama mwaka uliotangulia, na mwili haukuonekana. Angefikiri kidogo! Akaiga madirisha, akaiga hata ufa. Kitu kimoja tu hakukiiga. Mnara ule mlango wake ulizibwa kwa matofali tangu bibi zetu wakiwa wasichana. Wa kwake akauacha wazi.

Siku ya kwanza Pankras akadumbukiza dadu. Mnara wenyewe kimo cha mkono, lakini dadu ilishuka, ko, ko, ko, mpaka watu wakaacha kucheka. Ilitoka imelowa. Inanuka usipa, wale dagaa wa ziwani.

Tangu hapo Masoudi akawa anakohoa maji. Maji ya ziwa, yana mchanga, na yeye yuko huku milimani! Mchana kweupe, baraza likiwa tupu, dadu zikasikika zikishuka ngazi zenyewe.

Akaitwa Mzee Xaveri, mganga wa Mpepai. Akamtazama Othmar.

"Mlango walioziba wenye akili zao, wewe umeufungua?"

"Shikamoo, Babu. Sasa dadu zingetokea wapi?"

"Marahaba, mpumbavu."

Akakiziba kilango kwa udongo wa kichuguu. "Siku saba usibanduliwe. Ukibanduliwa mara ya nne, Masoudi hatuna naye."

Ukabanduliwa. Akaziba tena, ukabanduliwa tena, na tena, mara tatu; akaziba ya nne. Othmar akatukanwa yeye na ukoo wake, kwamba anaionea huruma kazi yake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, tukajibanza nyuma ya marobota ya mitumba, Mzee Xaveri, Othmar, Pankras, Scholastica jirani yao na nusu ya mtaa, tukasikia dadu zikishuka, ko, ko, na harufu ya usipa ikapanda mpaka macho yakatoka machozi, kisha nyayo za mtu pekupeku, kisha kucha zikikwangua udongo, na sauti ya chini chini ikibembeleza, "Subiri, mama, subiri, nimekaribia," ndipo Mzee Xaveri akalisukuma robota.

Alikuwa Saida. Udongo mpaka viwiko.

"Saida!" akalia Scholastica. "Mumeo unamuua!"

"Najua, dada," akanong'ona. "Lakini mwanangu anasema humo ndani kuna baridi."

Pankras akamrukia, akauvuta mkono wake. Haukuja. Kilango kile, upana wa dadu mbili, kilikuwa kimemeza vidole vyake, na juu yavyo vilikunjika vidole vingine, vidogo, vimelowa.

Chumbani, kikohozi cha Masoudi kikanyamaza.

Tulikwenda kumshika anayebandua. Tukamkuta keshashikwa.