Jicho Jekundu Ndani ya Hema

Sogeeni. Miguu ndani ya blanketi, masikio nipeni mimi.

Palikuwa na mtoto anaitwa Nambua. Miaka sita, meno mawili ya mbele hana.

Kwao milimani, Upare, kila mwaka kuna makambi. Watu wanahama nyumbani wiki nzima. Wanapanda kilimani, wanalala kwenye mahema, wanaimba, wanasali.

Mwaka ule Nambua alikwenda kwa mara ya kwanza. Alibeba viatu vyake vipya, vyeupe, vya Sabato. Hajavivaa hata siku moja.

Bibi yake alibaki nyumbani na ng'ombe. Kabla hawajaondoka akamvuta Nambua pembeni.

"Mjukuu wangu, hema ni nguo tu. Nguo na moto havipatani. Sema na mimi: moto nje, sisi ndani."

"Moto nje, sisi ndani," Nambua akasema.

"Na moto ukishika, vitu viache. Toka na mtu."

"Sawa, bibi."

Hema lao lilikuwa la turubai. Chini nyasi kavu, juu ya nyasi mkeka. Humo walilala mama, shangazi Naetwe, Nambua, na mdogo wake Mbonea, ambaye hata kutembea bado.

Upepo wa mlimani ukija, hema linapigapiga. Pata, pata, pata.

Nambua anajikunja. Anasema polepole, "Moto nje, sisi ndani." Usingizi unakuja.

Jiko la mkaa lilikaa nje. Hatua kumi kutoka hemani, Nambua alizihesabu. Jioni mkaa ukikolea, jiko linakuwa na jicho jekundu.

"Mama, linaniangalia."

"Liangalie na wewe," mama akasema. "Lakini ukiwa huko huko."

Sasa ikafika Ijumaa. Kwa watu wale, jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia. Hakuna kuwasha moto, hakuna kupika, hakuna kununua wala kuuza. Chakula cha kesho lazima kiive leo.

Na Ijumaa ile mvua ilinyesha kutwa. Mkaa ukaloa. Makande ya shangazi yakagoma kuiva. Mahindi na maharage, magumu kama kokoto.

Jua likaanza kushuka. Mzee wa kanisa akagonga kengele. Kengele yenyewe ni rimu la gari, limening'inizwa mtini.

Ngeee. Ngeee. Ngeee.

"Jua hilo, linatukimbia," shangazi akasema. Akashika jiko kwa matambara mawili. Akaliingiza ndani ya hema, na sufuria yake juu.

Nambua akarudi nyuma mpaka ukutani. Ukuta wenyewe turubai.

"Shangazi. Moto nje, sisi ndani."

"Mimi siwashi moto, mwanangu. Huu uliwashwa mchana. Utajizimikia wenyewe, makande yataiva taratibu, na mtoto atapata joto."

"Bibi alisema."

"Bibi yako hana makande mabichi." Shangazi akajifunga kitenge. "Mama yako yuko kwaya. Keti na mdogo wako, usitoke, nje kuna baridi. Tukishafungua Sabato narudi."

Akatoka. Akafunga mlango wa hema kwa kamba. Fundo moja. Fundo la pili.

Akabaki Nambua. Akabaki Mbonea, amelala. Na jicho jekundu.

Upepo ukaja. Pata, pata, pata.

Juu yao kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kanga ya mama inakauka. Kanga ikayumba. Ikaenda kwa jiko, ikarudi. Ikaenda, ikarudi.

"Usiende huko," Nambua akaiambia kanga.

Kanga haisikii.

Kichwa cha Nambua kikaanza kuuma. Ndu, ndu, ndu. Mkaa ulikuwa umekula hewa nzuri yote ya humo ndani. Akamtikisa mdogo wake. "Mbonea. Amka."

Mbonea hakuamka.

Hapo Nambua akaogopa kweli. Aliogopa jicho jekundu. Alimwogopa na shangazi, maana shangazi kasema usitoke.

Akasema, "Moto nje, sisi ndani. Sasa moto uko ndani." Akafikiri. "Basi sisi nje."

Akashika kamba ya mlango. Fundo la kwanza, vidole havishiki. Akavuta kwa meno ya pembeni. Likafunguka. Fundo la pili, vuta, vuta. Likafunguka.

Akamkumbatia Mbonea kwapani. Mzito kama gunia la viazi. Akamburuta, krrr, krrr, juu ya mkeka, mpaka nje kwenye baridi.

Hatua moja. Mbili. Tatu. Akahesabu mpaka kumi, akamlaza kwenye majani yenye maji.

Upepo ukaja tena, mkubwa. Pata, pata, pata.

Kanga ikaanguka.

Fsss.

Hema likawa na mwanga ndani, kama taa ya chemli. Halafu moshi.

"Viatu vyangu," Nambua akasema.

Vilikuwa pale mlangoni. Aliviona. Vyeupe, vimekaa viwili, vinamngoja. Hatua kumi tu.

Mguu mmoja ukaenda. Lakini bibi alisema vitu viache. Mguu ukarudi.

"Moto," akaita. Hakuna aliyesikia. Uwanjani watu wote wanaimba, wanafungua Sabato.

"Moto," akaita tena. Wakaimba zaidi.

Nambua akaangalia mtini. Rimu lile pale, karibu. Kengele ni ya mzee wa kanisa peke yake, mtoto haruhusiwi kuigusa.

Akaokota jiwe.

Ngeee. Ngeee. Ngeee. Ngeee. Ngeee.

Nyimbo zikakatika.

"Nani anagonga kengele saa hizi?" mzee akauliza. Halafu akaona moshi.

Watu wakaja mbio. Ndoo za maji, chwaaa. Mchanga, pwaa. Mama alikuja mbele ya wote, kiatu kimoja mguuni.

"Watoto wako ndani?"

"Tuko hapa, mama."

Mama akamchukua Mbonea. Akampapasa, akampulizia usoni. Mbonea kimya. Mama akamgeuza, akamsugua mgongo. Nambua akakaza macho, hapumui.

Kho. Kho, kho. Kisha Mbonea akalia. Alilia kwa hasira, mlima mzima ukasikia. Hakuna kwaya iliyowahi kuimba vizuri hivyo.

Hema lilibaki na tundu kubwa, ungeweza kupitisha ng'ombe. Sufuria imepinduka, makande yamemwagika.

Shangazi Naetwe akapiga magoti kwenye matope, mbele ya Nambua.

"Uliniambia," akasema. "Mtoto mdogo uliniambia, mimi nikaona makande tu. Nimekosa, mwanangu."

"Nilitoka, shangazi. Ulisema nisitoke."

"Ulifanya vizuri kutoka. Ningekukuta ndani, ningesema nini mimi?" Akamkumbatia.

Mzee wa kanisa akaja na kiatu kimoja cheupe, kimejaa maji. Cha pili kiliungua.

"Nitakununulia vingine," shangazi akasema.

"Wifi," mama akasema, "jua limezama. Habari za kununua ni Jumapili."

Shangazi akacheka huku analia. Nambua naye akacheka, pengo lote nje.

Usiku ule walilala hema la jirani, wamebanana kama ndizi kwenye chane. Walikula viazi baridi alivyowapa mke wa mzee. Baridi ilikuwa kali. Wakajifunika mablanketi matatu na vitenge vyote, Mbonea katikati.

"Huku ndani hakuna jiko?" Nambua akauliza.

"Hakuna," shangazi akasema. "Liko nje, hatua kumi. Nimelimwagia maji kwa mkono wangu mwenyewe."

Nambua akainua pembe ya mlango kidogo, achungulie.

Giza. Jiko jeusi, kimya. Jicho jekundu limefumba.

"Moto nje," Nambua akasema.

"Sisi ndani," shangazi akajibu.

Na Nambua naye akafumba.