Tofauti Hailazwi

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limefurika watu, kila mmoja akitaka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Katikati ya msukumano huo mikono miwili ilishika boksi moja kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa na bangili tatu nyembamba. Mwingine ulikuwa wa mwanamume aliyekunja shati mpaka kwenye viwiko.

"Samahani kaka, hii chaja nimeiona mimi kwanza."

"Kuiona hata mimi nimeiona tangu mlangoni, dada. Kuishika ndiyo kazi."

"Basi nimeishika."

"Na mimi nimeshika nini, hewa?"

Muuzaji hakuinua hata kichwa. "Imebaki hiyo moja tu. Elewaneni."

Dada alimtazama mwenzake juu mpaka chini. Kukagua ilikuwa tabia yake ya kuzaliwa. Babake alimpa jina la Mpekuzi tangu utotoni, kwa kuwa hakuwahi kula yai bila kulitikisa kwanza. Aliona shati la buluu lililonyooshwa vizuri, viatu vilivyofutwa, tabasamu la mtu asiye na haraka. Lakini kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, wakati vingine vyote vilikuwa vyeupe. Nani kamshonea? Hilo ndilo swali la kwanza lililomjia, kabla hata hajamjua mtu mwenyewe ni nani.

"Haya, chukua," mwanamume alisema, akaachia boksi. "Lakini chaji ikiniishia nitakuja kuazima."

"Utanipata wapi?"

"Si utanipa namba?"

Watu waliokuwa nyuma yao wakacheka. Mpekuzi, gauni lake la rangi ya haradali likiwa limekunjamana kwa kubanwa, alitoa namba huku moyoni akiapa kwamba hatapokea. Jioni simu ililia mara moja tu, akaipokea.

"Haloo, Chaja hapa."

Akacheka mpaka akajishtukia. Tangu siku hiyo, kwenye simu yake mtu huyo akaitwa Chaja.

Mpekuzi alikuwa mwandishi wa programu. Mchana aliajiriwa, saa zake nyingine alizitoa kwa mradi wa kujitolea, programu ya kuendeshea zahanati, iliyojengwa na watu wengi waliotawanyika, kila mmoja kwao. Hawakujuana sura wala sauti. Waliandikiana tu, kwa majina ya utani.

Programu yenyewe, ile inayotumika zahanati, waliiita shina, na shina halichezewi. Mwenye wazo kubwa hujitenga na nakala yake, hilo ndilo tawi, akajenga humo mpaka kazi ikomae, kisha akaomba iunganishwe na shina. Kazi ngumu ni kulitunza tawi hilo. Wewe ukiwa huko unajenga lako, wenzako wanaendelea kulibadili shina. Usipoyavuta mabadiliko yao kila siku, kidogo kidogo, siku ya kuunganisha mnagombana kila mstari.

Mpekuzi alikuwa na tawi lililopita umri wa mwaka. Kila asubuhi kabla ya chai alivuta mabadiliko ya shina, akasuluhisha palipogongana, ndipo akanawa uso. "Tofauti hailazwi," aliwaambia wageni wa mradi, na wengine walimtania kwa maneno hayo.

Tawi hilo lilikuwa la kuipa programu sauti, na sababu yake ilikuwa imekaa sebuleni kwao. Babake, karani mstaafu wa zahanati, alikuwa amepoteza macho. Kila akienda kutibiwa ilibidi aombe mtu wa foleni amsomee kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. "Mwanangu, nimechoka kusomewa ugonjwa wangu na watu nisiowajua," alimwambia siku moja, na Mpekuzi hakulala vizuri tena mpaka alipoanza tawi.

Kizuizi kilikuwa kimoja: mlinzi wa shina, aliyeitwa Komeo. Hakuna kilichoingia kwenye shina bila yeye. Mara tatu Mpekuzi alileta kipande cha kazi, mara tatu Komeo alikirudisha, na kila mara aliandika maneno yale yale: "Kanawe mikono kwanza." Alikuwa na haki, kazi haikuwa safi, lakini maneno hayo yalimchoma.

Walipokutana na Chaja mara ya pili, mgahawani, ndipo alipoyatoa yote.

"Kuna jitu moja huko kwetu linaitwa Komeo," alisema. "Limenikalia kooni. Tawi langu la sauti sijui kama litapita mbele yake."

Chaja alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka mhudumu akaja na maji.

"Pole jamani! Imepita vibaya?"

"Vibaya sana," Chaja alisema, akijifuta shati. "Hilo tawi... ndilo lako?"

"Ndilo langu. Kwani umelisikia wapi?"

"Si umelitaja sasa hivi?"

Lilikuwa jibu sahihi, lakini lilichelewa kidogo. Mpekuzi alilipokea na kuliweka akiba.

Mapenzi hayakungoja tuhuma ziishe. Walitembea jioni kwenye barabara zenye taa za maduka, wakagawana mahindi ya kuchoma, wakapigiana simu mpaka sikio likapata joto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utalala njaa leo, maana nakata."

Lakini akiba ya Mpekuzi ilikuwa inajaa. Chaja alikuwa na simu anazozipokea nje. Ukimuuliza kazi, anasema "kompyuta kompyuta tu," kisha anageuza mazungumzo. Siku moja Mpekuzi alilalamika kwamba kipande cha foleni kinamsumbua, na Chaja akasema, "Kile cha kuita majina kwa zamu?" Mpekuzi hakuwa amemwambia habari ya zamu.

Angeweza kuuliza palepale. Yeye huyohuyo asiyelaza tofauti ya mstari mmoja wa programu aliipeleka hiyo nyumbani, akalala nayo.

Kisha, siku chache kabla ya kikao cha mradi cha kuamua hatima ya tawi, ikaja siku ya mvua, wamejibanza chini ya paa la benki. Simu ya Chaja ikaita, akasogea kando. Mvua ilipopungua kidogo, sauti yake ilimfikia Mpekuzi vizuri.

"Hapana, yeye bado hajui kitu. Lile tawi lishughulikie kabla ya kikao, mimi nimeshakwambia... Na yule mwingine aliyeleta kazi, mwambie akanawe mikono kwanza."

Mpekuzi aliyatambua maneno hayo ya mwisho. Kumbe! Ndiye Komeo. Anamshika mkono barabarani, na gizani analichimba tawi lake. Maneno matamu yote hayo, hayo mahindi, ilikuwa kumpekua Mpekuzi!

Chaja alirudi anatabasamu. "Twende, laazizi?"

"Wewe nenda. Mimi kichwa kinaniuma."

Simu zilizofuata zilikuwa fupi.

"Mbona umeninunia?"

"Sijanuna."

"Nimekukosea nini?"

"Umekosea? Sijui. Kwani umekosea?"

"Mpenzi, sema basi jambo lako. Hata mimi nina la kukwambia, nangoja tu kikao chenu kipite."

"Ah, kikao! Unakijua na kikao?"

Akakata. Baadaye hakupokea kabisa. Babake, ambaye macho yake yalizimika lakini masikio yalibaki makali, alimwita.

"Yule kijana wa chaja siku hizi hapigi?"

"Anapiga, baba."

"Basi ni wewe huitiki. Amekufanya nini?"

"Bado nachunguza."

"Mwanangu, hilo yai umelitikisa mpaka limevurugika. Si ulivunje uone?"

Mpekuzi alitaka kulivunja, ila mbele ya watu. Siku ya kikao alivaa lile gauni la haradali, akapaka wanja, ingawa kikao kilikuwa cha mtandaoni, cha sauti tu kwa mara ya kwanza, na hakuna ambaye angemwona. Babake alikaa karibu na kompyuta asikilize. Mratibu wa mradi, mama mwenye sauti nzito, alifungua kikao na kutaja ajenda: tawi la sauti, liunganishwe au lifutwe.

"Kabla ya hapo nina neno," Mpekuzi alisema. "Naomba wote mjue. Mlinzi wenu Komeo alinitafuta, akajifanya ananipenda, akanichota habari za kazi yangu ili alizike tawi langu. Nimemsikia kwa masikio yangu akiagiza lishughulikiwe nyuma ya mgongo wangu. Mtu wa namna hiyo asinihukumu."

Mtu mmoja alisahau kuzima kipaza sauti chake, mtoto akasikika akiomba maji.

"Umemaliza, binti yangu?" mratibu aliuliza.

"Nimemaliza."

"Aliyekuwa akiagizwa kwa simu ni mimi. Unaijua desturi yetu: mlinzi hapitishi wala hakatai kazi ya ndugu yake. Komeo alijiondoa kwenye tawi lako zamani, tangu lilipokuwa bado na miezi ya kazi mbele. Alinisihi nimtafutie mlinzi mwingine wa kulikagua kabla ya leo. Nilichelewa mimi, ndiyo maana alikuwa ananisumbua. Na mimi ndiye niliyemkataza asiseme kitu mpaka huyo mwingine apatikane, watu wasije wakadai unapendelewa."

Mpekuzi alisogelea kompyuta. "Alijiondoa lini hasa?"

"Jioni moja alinipigia akiwa bado anakohoa. Eti amepaliwa na chai."

Kuna waliocheka. Mpekuzi alitamani ardhi ipasuke.

"Nikamuuliza, huyo mwenye tawi ni ndugu yako wa upande gani?" mratibu aliendelea. "Akasema bado si ndugu, ila anatarajia. Nikamuuliza, yeye mwenyewe anajua? Akasema, hapana, ndiyo kwanza wamekutana mara mbili."

Babake Mpekuzi alijipiga paja. "Haya sasa! Limevunjika, na lilikuwa zima!"

"Komeo yupo?" Mpekuzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nipo," ilijibu sauti aliyoizoea sikioni mwake. Haikuwa na mzaha hata chembe.

"Nimekutuhumu mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele yao hao hao."

"Nimesikia," alisema, akatoka kikaoni.

Mlinzi mpya aliuliza maswali magumu, na Mpekuzi aliyajibu akiwa kama ameachwa na roho yake. Kwa vile hakulaza mabadiliko hata siku moja, tawi na shina viligongana mahali padogo tu, wakaparekebisha hapo hapo. Likaunganishwa. Watu wakampongeza. Babake alilia machozi waziwazi, na Mpekuzi alilia naye, ingawa ya kwake yalikuwa ya mambo mawili.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Sasa akajua jinsi mlio wa simu isiyopokelewa unavyouma.

Siku ya tatu alimpeleka babake zahanati. Mzee aligusa kioo, akaweka kile kidude cha kusikilizia sikioni, akatulia. Hakuna aliyemsomea. Alipomaliza aliuliza tu, "Unataka kujua nina nini?"

"Nataka, baba."

"Sikwambii. Ni siri yangu." Akacheka kama kijana.

Waliporudi walimkuta Chaja amesimama mlangoni. Shati lilikuwa lile la buluu, lakini kile kifungo cheusi kilikuwa kimeng'oka, amekishika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Komeo? Pita ndani, hapa hapafungwi."

Alikaa kwenye ncha ya kiti, akamtazama Mpekuzi.

"Umeniumiza," alisema. "Umeniumiza sana. Lakini na mimi nilikuficha. Mratibu alinikataza kusema habari ya ukaguzi. Hakunikataza kukwambia kwamba Komeo ni mimi. Niliogopa. Ulikuwa umeshaniita jitu."

"Na mimi nilikusikia siku ya mvua, nikanyamaza. Ningekuuliza palepale, yangeisha palepale."

"Wewe ndiye wa tofauti hailazwi?"

"Kwenye programu." Aliinamisha macho. "Kwa watu ndiyo najifunza."

"Basi tujifunze wote. Nataka tuoane. Na kila siku, kabla hatujalala, kila mmoja atoe alichonacho, hata kiwe kidogo namna gani. Unakubali?"

Mzee aliacha kupumua ili asikie vizuri.

Mpekuzi alikitazama kifungo mkononi mwa Chaja. "Leo nina kimoja," alisema. "Nimekaa nacho tangu dukani. Hicho kifungo, nani alikushonea?"

Chaja alikiinua kile kifungo. "Muda wote huo? Mimi mwenyewe. Uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu."

"Hmm."

"Huamini."

"Mwanangu," mzee akadakia, "mpe sindano."

Alimpa sindano na uzi. Chaja alitunga uzi mara nne ndipo ukaingia, akashona shati likiwa mwilini, kidevu kimebanwa kifuani, akijichoma na kusonya. Kifungo kilikaa upande, na nyuzi zikarundikana nyuma yake kama zile za siku ya kwanza. Mpekuzi alisogea, akakikagua mbele na nyuma, akakivuta mara mbili kwa nguvu. Hakikutoka.

"Nakubali," alisema.