Bastola ya Mtu Mwenye Kiu

Maji ya mtungi yalianza kuisha Jumatatu. Dorcas aliujaza asubuhi. Alipotaka ya kunywa mchana, akakuta umekauka, na sakafuni hakuna hata tone.

"Umeyamwaga, baba Hellen?" akamuuliza mumewe.

"Labda umepasuka," Nestory akajibu bila kunyanyua macho.

Haukuwa na ufa. Nestory alishaukagua kwa siri, na moyo ulimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Alikuwa mwalimu wa historia huko Mkolani, na kabatini mwake kulikuwa na bastola ya Kijerumani. Wiki tatu nyuma, Bibi Ajwang, ajuza wa Kijaluo aliyekuwa akiishi Igogo na mjukuu wake Adongo, alimkabidhi ikiwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Mwaka 1916, wakati wa vita, babu yake bibi alikuwa mpagazi. Karibu na Kisesa alimkuta askari aliyejeruhiwa, amelala chini ya jabali lililopasuka. Askari alimpa bastola ya ofisa wake aliyekufa, ili amletee maji. Babu akaipokea, akaenda zake, hakurudi.

"Ukammwagie maji pale, umwombe radhi kwa ajili yetu," bibi alisema. "Kisha uipeleke polisi. Mimi miguu imekataa."

"Nitakwenda kesho, bibi."

Hakwenda. Bastola za kwanza za kijeshi zilizojipakia zenyewe alikuwa amezisoma vitabuni tu, na sasa moja ilikuwa mkononi mwake, ya muundo wa 1896. Risasi kumi zilisukumwa kwa juu kutoka kwenye kibanio cha chuma. Kila mlio ulirusha ganda na kuingiza risasi nyingine. Ala yake ya mbao, ukiichomeka nyuma, ilikuwa kitako cha kuegemeza begani. Alitaka kuipiga picha, kuandika makala, kukaa nayo siku moja zaidi. Bibi alipopiga simu, Nestory akamwambia, "Nimeshakwenda."

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka baruti na matope.

Alhamisi, saa tisa alasiri, akiwa anasahihisha madaftari, Nestory alisikia mtu akigugumia maji chumbani kwa Hellen, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, akahema na kugugumia tena, na alipousukuma mlango akamkuta bintiye wa miaka sita amepiga magoti mbele ya ndoo tupu, midomo imepasuka na kutoka damu, macho yamemtazama yeye lakini si kwa namna ambayo mtoto humtazama baba yake.

"Uliniambia unakuja," Hellen akasema kwa sauti nzito ya kiume. "Nimekaa nakungoja."

Dorcas alikuwa nyuma yake mlangoni. Alinong'ona, "Nestory, umeleta nini humu ndani?"

Akamweleza yote. Dorcas alimbeba mtoto mgongoni, Nestory akaichukua bastola ndani ya ngozi yake, wakaenda kwa Mama Paskazia, mganga wa Kisesa.

Mganga alisikiliza, akaishika ile ngozi kwa ncha za vidole. "Huyu hana haja na chuma hiki. Anataka maji, na anataka yule aliyemdanganya aseme kwa kinywa chake."

"Aliyemdanganya ni babu wa watu, mama."

"Na wewe?"

Chini ya jabali, jua likiwa bado juu, Nestory alipiga magoti na dumu la maji ya ziwa. Alitubu kwa ajili ya yule mpagazi, kisha akakiri uongo wake mwenyewe. Maji yalizama ardhini kwa sauti ya mtu anayemeza. Hellen alishusha pumzi ndefu, akalala begani kwa mama yake, na harufu ikakatika.

Bastola aliifikisha polisi siku hiyo hiyo. Kesho yake akaenda Igogo kumwambia bibi ukweli. Alikuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa kwenye mikeka.

"Pole, Adongo," alimwambia mjukuu. "Lini?"

"Juzi, mwalimu. Alikutaja mpaka mwisho."

"Nilimwambia nimekwenda. Sikuwa nimekwenda."

"Alijua." Adongo alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Alisema yule mgeni mwenye kiu ametoka kwetu, kwa hiyo lazima yuko kwako. Akaniagiza nikuombe msamaha. Alisema amekutwisha mzigo usio wako."

Adongo akamsogezea kiti.