Tawi la Mbuni Lisilokunywa

Kila asubuhi, akishateka maji na kufagia uwanja, Musoki hukimbia nyuma ya nyumba yao, huko Bwera, kutazama chupa yake. Ndani amesimamisha tawi la mbuni, mti wa kahawa. Mdomo wa chupa ameuziba kwa kaveera, mfuko wa plastiki, maji yasikaushwe na jua, na kwa nje amechora mstari kuonyesha maji yalipofika, ili aone tawi linakunywa kiasi gani. Jumatatu Mwalimu Phionah atachagua mwanafunzi wa kupeleka kazi yake kwenye maonyesho ya sayansi Kasese, na Musoki anataka sana awe yeye.

Jumamosi ile maji yalikuwa palepale mstarini.

"Tawi lako limefunga Kwaresima!" alicheka Bright, mwanafunzi mwenzake. "Langu linakunywa kama askari. Wee, mwaga kidogo tu. Nani atajua?"

Musoki aliinua chupa. Akairudisha chini.

"Nitajua mimi. Matawi yetu tuliyakata kwenye mbuni mmoja. Kwa nini langu halinywi?"

Mama alitoka na mtoto mgongoni. "Mbona majani inang'aa hivi?"

"Niliyapaka mafuta ya kujipaka, Mama, juu na chini. Wageni wa maonyesho wakiyaona, yapendeze, kama unavyotupaka sisi kabla ya misa."

Mama alicheka mpaka mtoto akaamka. Musoki hakucheka. Mafuta! Tawi la Bright halikupakwa kitu. Alikwenda kukata tawi jingine, akaliweka bila mafuta kwenye chupa ya pili yenye maji, akaiziba vilevile, akachora mstari, akaziweka zote mbili juani. Bright akaenda kucheza mpira; yeye akabaki.

Jioni, maji ya chupa ya pili yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Ya kwanza hayakupungua hata tone.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. "Chupa hii ilinishinda," alisema, bila kuficha, kisha akaeleza yote.

Mwalimu Phionah alizigeuza chupa mikononi.

"Maji hupanda kwenye shina, yakatokea kwenye vitundu vidogo vya majani. Ukiviziba, safari inasimama. Angemwaga maji, Musoki angetuletea chupa iliyopungua na asingejua lolote. Watoto, kazi ikikwama, semeni imekwama, halafu mtafute sababu. Anayedanganya hujifungia mlango wa kujua."

Akamrudishia Musoki. "Utakwenda Kasese na chupa zote mbili. Hasa hii iliyokataa."