Mama Aliniombea Mbele ya Watu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na moja, nasuka nywele kwenye saluni moja hapa Songea mjini, na tangu nianze kuandika haya nimeshainuka mara kadhaa kwenda mlangoni bila sababu yoyote. Ndivyo nilivyo. Kukaa sehemu moja kunanishinda... lakini leo nitajilazimisha.

Mimi ni mtu wa hasira. Sijisifu, wala siombi huruma. Tangu utoto, ukinigusa nimekurukia, ukinicheka nakurushia chochote kilicho karibu. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita ndiyo ikawa balaa. Mama, ambaye anauza dagaa wa Nyasa sokoni, aliolewa tena na dereva wa malori, mtu ambaye kila ukianza kumzoea ameshasafiri. Nilipoingia sekondari, walimu wote walilijua jina langu ndani ya wiki moja, na si kwa ajili ya masomo!

Kidato cha pili nilimpiga mwenzangu kwa stuli. Alikuwa amemtania marehemu baba. Alishonwa juu ya jicho... Shule ikanisimamisha, na mwalimu wa malezi akamwambia mama kwamba kabla hawajanifukuza kabisa, anipeleke kwenye kituo kimoja cha ushauri ambako vijana wenye matatizo ya tabia walikuwa wakikutana kila Jumatano.

Mama aliuliza kama huko wanachapa. Akaambiwa hapana. Wanatoa dawa? Hapana pia. Sasa wanafanya nini? Mwalimu akasema watanifundisha kutulia. Mama alicheka, na sikumlaumu, maana hata mimi nilicheka.

Siku ya kwanza nilikuta vijana wachache wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu na kesi yake. Mshauri wetu alikuwa Dada Rehema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alitugawia karanga moja moja. Moja! Akasema tuitazame, tuinuse, tuiweke mdomoni bila kuitafuna, tuone tunahisi nini. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Yangu mimi nilikuwa nimeshaimeza.

Lakini Jumatano iliyofuata nilirudi, na iliyofuata tena. Dada Rehema hakunihubiria. Alitufundisha kufumba macho, kuhisi nyayo zetu sakafuni na kufuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakikimbia, na yangu yalikuwa yanafika hadi Mbinga, tuyarudishe bila kujitukana. Zaidi ya yote alitufundisha kuiona hasira inapoanza. Inaanzia wapi mwilini? Kumbe yangu inaanzia kwenye taya! Taya zinakaza, kisha viganja vinapata joto. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua. Nilichokuwa najua ni kwamba mtu ameshalala chini na watu wananishika.

Sasa nifike kwa mdogo wangu Beni, mtoto wa mama na huyo mume wake. Wakati huo alikuwa na miezi minane. Mama akienda sokoni Jumamosi, nilibaki naye. Nisomeni vizuri hapa: nilimpenda. Pale nyumbani ndiye pekee aliyecheka nikiingia, bila kuuliza leo nimempiga nani.

Jumamosi moja alilia kutoka asubuhi mpaka jua la mchana. Uji hataki, mgongoni hataki, chini hataki. Nikasikia taya zinakaza. Viganja vikapata joto. Na wazo likaja, sitalificha... mtupe. Nilishtuka, lakini nililiona! Nikamlaza katikati ya mkeka, nikatoka nje, nikasimama uani peku na kupumua mpaka viganja vikapoa. Kisha nikarudi nikambeba. Alilala begani kwangu.

Wiki ile Dada Rehema alikuwa ametupa kazi. Kila mmoja amweleze mtu wa nyumbani kwake mara moja ambayo aliiona hasira kabla haijambeba. Nilimsubiri mama kama mwanafunzi aliyeongoza darasa. Aliporudi akakaa kuchambua dagaa waliobaki, nami nikaanza.

"Mama, leo Beni kalia mpaka nikataka kumtupa chini."

Mama aliacha dagaa. Alimnyanyua Beni mkekani, akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Sikuwa nimemaliza! Nilisubiri atoke nimwambie kilichofuata. Alipotoka aliniambia nisonge ugali, bila kunitazama. Nikajisemea nitamalizia kesho... Kesho yake hakunipa nafasi, na kesho kutwa vilevile.

Siku chache baadaye jumuiya ilisali kwetu. Kwa msiojua, majirani Wakatoliki hukutana nyumba kwa nyumba. Wanasali rozari, wanasoma Injili, halafu kila mwenye nia anaisema kwa sauti na wote wanaitikia. Huwa wanaombea wagonjwa, mvua, watoto wenye mitihani. Nilikaa mkekani na Beni mapajani, anavuta vifungo vya blauzi yangu. Mama Komba, mwenyekiti wa jumuiya, akauliza nani ana nia. Mama akafumba macho.

"Tumwombee binti yangu Oliva," alisema. "Shetani amemwingia, anataka kumuua mdogo wake. Ee Bwana..."

Na watu walioniona nikizaliwa wakaitikia wote kwa pamoja: "Twakuomba utusikie."

Niliuona mkono wa Mama Komba unakuja taratibu. Alimtoa Beni mapajani mwangu kama mtu anavyoondoa kisu karibu na mtoto... ila kisu chenyewe nilikuwa mimi.

Je, nilikumbuka nyayo? Nilikumbuka pumzi? Wapi! Nilipiga teke meza. Mshumaa ukaangukia kitambaa kikashika moto, mtu akakimbilia maji, sanamu ya Bikira Maria ikapasuka sakafuni. Beni akapiga ukelele mikononi mwa Mama Komba. Nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnaona."

Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwetu. Waliona, basi!

Dada Rehema alipopata habari alikuja kwetu mtaa wa Mjimwema kuzungumza na mama. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nasikia. Mama alimwambia kwamba huko kukaa na kufumba macho bila kusali ndiko kulikomfungulia shetani mlango. Dada Rehema alijitahidi kueleza, lakini mama alikuwa ameshaamua. Basi akanifuata mimi, akanisihi nisiache kuja Jumatano.

"Uliniambia nimwambie mtu wa nyumbani," nilimjibu. "Nikamwambia."

Nami nikaacha, wenzangu. Dawa iliyokuwa imeanza kunisaidia niliitupa kwa mikono yangu, ili tu nimkomoe mtu aliyenipa! Hilo siwezi kumbebesha mama.

Nikapelekwa kijijini Maposeni kwa bibi. Nilidhani huko hawanijui... Habari ilikuwa imetangulia. Nilikuwa nikipita barabarani, wanawake wanawaita watoto wao ndani. Msimu wa kupukuchua mahindi nilikaa peke yangu, wenzangu wamejikusanya upande wa pili na watoto wao. Shule mpya nayo niligombana mpaka nikaiacha. Bibi alikuwa akiniuliza mbona situlii, mbona nazungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningemjibu nini? Nikikaa, nasikia ile "twakuomba utusikie".

Nilirudi mjini kutafuta kazi. Kwa mama lishe nilifukuzwa, dukani nikafukuzwa. Kila mahali ni mdomo na mikono yangu. Mwishowe nikapata hii saluni. Siku moja mteja alinitukana mbele ya watu, nami nimeshika birika la maji ya moto ya kuchovya rasta. Nikasikia taya... nikasikia viganja. Nilikuwa nimekaa miaka bila kuvisikia! Nikaweka birika chini, nikatoka, nikasimama kwenye mtaro nalia. Jumatano iliyofuata nilikwenda kwa Dada Rehema bila kutumwa na mtu. Alinivutia kiti, hakuniuliza nilikuwa wapi.

Nikaanza pia kwenda kumsalimia mama siku za Jumapili. Aliitikia shikamoo yangu, alinipa stuli nje, alinipa chai. Lakini Beni sikumwona. Kila nikifika, ama amelala, ama ametumwa kwa jirani. Nilikuwa nakwenda kwa ajili yake, na mama alijua.

Mwezi uliopita alitoka mwenyewe. Mrefu, miguu myembamba, mkono mmoja kaushika ukuta. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anasonga ugali.

"Dada," alisema, "ni kweli ulitaka kunitupa?"

Mngemjibu nini? Ningeweza kumdanganya. Nilihisi nyayo zangu kwanza.

"Ni kweli," nikamwambia.

Akafikiri. "Halafu?"

"Halafu nikakulaza kwenye mkeka, nikatoka nje, nikapoa. Nikarudi nikakubeba."

"Nikanyamaza?"

"Ukalala."

Akatikisa kichwa kukubali, akaja kukaa karibu nami. Si karibu sana. Jikoni mwiko ulikuwa umesimama.

Halafu... Neno moja tu! Mama yangu hakuliuliza. Jumuiya nzima, na rozari zao mkononi, haikuliuliza. Aliyeliuliza ni yuleyule niliyeambiwa nataka kumuua.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, macho mekundu. "Mimi nilikuwa nakuombea, mwanangu," alisema. Najua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakunichukia hata siku moja. Aliogopa, akapeleka hofu yake kwa watu kabla hajaileta kwangu.

Wazazi, nawasihi. Mtoto akikwambia jambo baya lililompita kichwani, usilikimbize kanisani, msikitini wala kwa jirani. Kaa naye hapohapo, umuulize halafu alifanya nini. Akimaliza, ndipo umwombee, hata mchana kutwa. Na wewe kijana mwenye hasira kama zangu, ukipata mtu wa kukufundisha kutulia, usimwache kwa sababu watu wamekuumiza. Utawakomoa wachache na kujipotezea mengi.

Beni ni mtoto wa mama yangu, tumbo moja. Ana miaka sita, na tumefahamiana mwezi uliopita.