Zamu ya Mtazamaji

Jua lilipokuwa linazama, mwalimu wa udereva aliyejulikana kama Mia kwa Mia alitoka nyumbani kwake na soksi tatu zilizojaa chumvi. Mkewe akamwona kupitia dirisha.

"Baba Pacha, hizo si soksi zangu za kazini?"

"Zilikuwa."

"Na chumvi ya jikoni?"

"Mama, niache. Kesho mkaguzi anakuja. Akikuta tena vioo vinatoka jasho, tutailamba hiyo chumvi na soksi zake."

Hakuwa anatania. Shule yake yote ilikuwa gari hilo moja, lenye usukani mmoja na pedali pande mbili, za mwanafunzi na za mwalimu. Na kila asubuhi, kwa wiki nne, gari hilo lilikuwa likiamka na ukungu mweupe kwa ndani, matone yakiteleza mpaka kwenye viti, zulia likinuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Mkaguzi alishakuja mara mbili. Mara mbili akapitisha kidole kwenye kioo, akakitazama, akaandika.

"Mara ya tatu naifunga hii shule," alisema. "Mwanafunzi asiyeona mbele anajifunza nini? Kuogelea? Lakini nikikuta pakavu, nawapima wanafunzi wako hapo hapo."

Siyo kwamba Mia kwa Mia hakuhangaika. Fundi mmoja alibadilisha raba za milango yote. Mwingine alifumua dashibodi nzima, akairudisha, akabaki na skrubu nne mkononi, akasema hizo hazina kazi. Mwalimu alipaka vioo povu la kunyolea. Alivisugua kwa kiazi. Alitandika magazeti, asubuhi akayakuta yamekuwa uji. Aliacha vioo wazi usiku, ikanyesha mvua ambayo mtaa wa pili hawakuiona. Aliweka mkaa chini ya viti, mwanafunzi wake mwenye duka akashuka na suruali nyeupe iliyogeuka ya fundi makenika. Siku moja alilipiga gari ngumi. Gari halikusikia. Mkono ulisikia.

Jioni hiyo akafuta kila kioo kwa taulo. Akapanga soksi zake za chumvi zinyonye unyevu, akafunga milango, akasimama nje mikono kiunoni.

Kioo cha nyuma kikaanza kufifia.

Hicho kimoja tu. Duara dogo la ukungu likatokea, likakua. Likasinyaa. Likakua... likasinyaa.

Mtu akipumulia kioo, huwa hivyo.

"Hapana," alinong'ona. "Mimi nimechoka. Usinichezee."

Katikati ya ukungu pakafunguka tundu, kubwa kama kisosi. Limefutwa kwa ndani, kwa kiwiko. Tundu hilo alikuwa akilikuta kila asubuhi, hapo hapo, chini kabisa ya kioo, akadhani ni matone yamejichorea. Sasa akajiuliza: ni nani anayechungulia chini hivyo?

Mtu mfupi.

Na alimjua mmoja aliyekaa hapo nyuma.

Maana hilo jina la Mia kwa Mia alijipa mwenyewe. Miaka tisa, hakuna mwanafunzi wake aliyefeli, na alitamba nalo mpaka misibani. Siri yake ilikuwa nyepesi: yeyote aliyemnusa kuwa atafeli, hakumpeleka kwenye mtihani. Alimwacha kiti cha nyuma, wanapokaa wanaosubiri zamu. "Wewe tazama wenzako kwanza." Binti mmoja mfupi alitazama wiki kumi na moja, mpaka wenzake wakamwita Mtazamaji. Hakulalamika. Mara moja tu alisema, "Mwalimu, kutoka huku nyuma naona mikono. Miguu siioni." Gari zima likacheka, na mwalimu ndiye aliyecheka zaidi.

Halafu hakuja tena. Shangazi yake ndiye aliyekuja, wiki nne zilizopita, kuchukua picha zake za leseni. Alisimulia kwamba zahanati ilimpa binti kazi ya kuendesha gari la dawa, alete leseni tu. Hakuwa nayo. Wakampa kuzipeleka dawa kwa miguu. Mvua zikaja, mto ukajaa.

"Walimtoa mtoni siku ya pili," shangazi alisema, akilitazama gari. "Kwani hakuwahi hata kushika usukani?"

Mia kwa Mia alimjibu kwamba ana mwanafunzi anamsubiri.

Sasa akafungua mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti chake cha mwalimu. Hakugeuka. Harufu ikampiga... tope, na majani yaliyooza majini. Nyuma yake kitu kilidondoka.

To.

To.

To.

"Binti," alinong'ona. "Kesho mkaguzi anakuja. Wewe ndiye wa kwanza. Naapa. Ila nikaushie gari langu, tafadhali."

Matone yakakoma. Springi za kiti cha nyuma zikalia, kama mtu aliyejiweka sawa kwa furaha. Ukungu ukakimbia kutoka pembeni mpaka katikati, ukatoweka. Aligusa kioo.

Kikavu kama karatasi.

Asubuhi mkaguzi akapitisha kidole, akakitazama, akakipitisha tena. Hakukuwa na kitu. Akasaini. Mia kwa Mia nusura arukeruke. Alikuwa amelala fofofo na kuamka mjanja tena: ahadi aliyoitoa ndani ya gari tupu, nani atamdai?

"Mwenye duka, njoo uanze!"

Mkaguzi akaingia kiti cha nyuma, mwalimu kwenye kiti chake. Mwenye duka akafungua mlango wa dereva, akaganda.

"Mwalimu, hiki kiti kimelowa chapachapa. Na mbona kimevutwa mbele mpaka mwisho? Mimi na tumbo hili nitapitia wapi?"

Mlango ukamponyoka mkononi, ukajifunga. Mkanda wa dereva ulikuwa umeshafungwa. Umekumbatia hewa.

"Aah, huyu binti ndiye wa kwanza?" mkaguzi aliuliza huko nyuma, akifungua kalamu. "Vizuri. Washa gari, mama."

Gari likawaka.

Pedali za mwalimu hufuata za mwanafunzi. Mia kwa Mia aliitazama klachi yake ikishuka peke yake, taratibu, vile alivyohubiri kwa miaka tisa: kanyaga kama kuna yai chini. Gia ikaingia bila kelele. Usukani ukazunguka. Wakapita katikati ya mapipa ya mtihani, wakarudi kinyumenyume, hawakugusa hata moja.

"Mikono mizuri," mkaguzi alisema. "Umemfundisha wewe?"

Akaitikia kwa kichwa. Na Mungu amsamehe, ndani ya hofu yake alijisikia kuringa.

"Haya, binti. Simama pale ukutani."

Gari halikusimama.

Klachi aliifundisha kwa mdomo, gari zima likasikia. Breki hakuwahi kuisema. Ikifika breki, alimgonga mwanafunzi goti, kimya kimya. Aliyekaa nyuma angejuaje?

Ukuta ukaja. Ukaja! Mia kwa Mia akakanyaga breki yake kwa miguu yote miwili. Wakasimama taa zikiwa karibu kuubusu ukuta.

Mkaguzi akafunga daftari. "Mikono anajua. Miguu hajui. Amefeli." Akashuka. "Mrudishe nyuma, mwalimu. Atazame wenzake kwanza."

Mwenye duka alikuwa anakuja mbio. "Mwalimu! Mkaguzi alikuwa anaongea na nani? Nani alikuwa anaendesha?"

Mia kwa Mia alitaka kushuka amjibu. Loki za milango zikashuka, zote kwa pamoja.

Tak.

Vioo vikawa vyeupe mara moja. Soksi ya chumvi juu ya dashibodi ikaanza kuchuruzika maji. Karibu na bega lake mtu alikuwa anahema, haraka haraka, kama mtu aliyeaibishwa mbele za watu.

"Binti..." sauti ilimtoka nyembamba. "Nitakuonyesha miguu. Yote. Kesho tu..."

"Hapana, mwalimu." Ilikuwa sauti ya upole, yenye maji ndani yake. "Wewe tazama kwanza."

Akainua kiwiko, akafuta kioo, apate japo pa kuchungulia nje. Likafunguka tundu dogo, kubwa kama kisosi.

Chini, karibu na mguu wake, klachi ikaanza kushuka. Taratibu. Kama kuna yai.